Bwana Mkubwa Asipate Joto

Ssssss.

Fundi alisikia mlio huo kabla hajaona chochote. Ulitoka ndani ya lifti iliyokwama, chini kidogo ya ukumbi wa kuingilia, mwembamba na wa hasira, kama kitu kinachopumulia kwenye meno. Ukumbi ulikuwa umefurika. Wanafunzi walikuwa wanatoka madarasani, wahadhiri wanaingia, na kila mmoja anakibonyeza kitufe kana kwamba kidole chake ndicho kitakachoifufua lifti.

"Kuna mtu ndani?" Fundi aliuliza huku akifungua mkoba wake wa spana.

"Hakuna mtu. Kuna mtungi wangu."

Aliyejibu alikuwa anatokeza kwenye ngazi, pumzi zimemwishia. Koti jeupe limefungwa kifungo kimoja tu, sketi ya bluu, raba miguuni, na kwapani amebana glavu nene kama za kutolea mikate kwenye tanuri.

"Una nini huo mtungi?"

"Naitrojeni, imepozwa mpaka imekuwa maji. Naupakia hapa juu, nashuka kwa ngazi, naupokea chini kwenye maabara. Leo nimeusubiri mpaka nimechoka."

"Mtungi unapanda lifti, wewe unakimbia kwa miguu? Mtungi ni mkweo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mvuke wake unaifukuza hewa. Ukikwama nao mle ndani unasinzia, na huamki tena. Sasa utaitengeneza au utanihoji?"

"Naitengeneza, dada. Nilitaka tu kukupa pole. Mimi na ngazi hatusalimiani."

Lifti iliponyanyuka na milango ikaachana, ukungu mweupe ulimwagika sakafuni ukafunika raba zake, akawa kama mtu aliyesimama juu ya wingu.

"Mvuke," Fundi alisema.

"Nini?"

"Nimekupa jina."

Sasa ndiyo akacheka.

Kuanzia siku hiyo simu ya Fundi haikutulia, wala moyo wake. Akiwa juu ya kibanda cha lifti, kamba za chuma zinamlia kichwani, anapiga.

"Umekula, Mvuke?"

"Nimekula. Wewe umepanda ngazi?"

"Mungu aniepushe."

"Ipo siku, Fundi wangu. Ipo siku utazipanda ukiimba."

Kazi yake Mvuke alimweleza nusu nusu, maana kila alipoanza, Fundi aliangalia midomo yake na kusahau kusikiliza. Alichoshika ni kwamba anapima miale isiyoonekana, inayotoka kwenye vitu vidogo kuliko vumbi. Kilimtosha. Hakujua kwamba kutosikiliza huko kutamtoa jasho.

Msimamizi wa Fundi alikuwa amemtafutia kazi ya kufunga lifti kwenye maghorofa mapya, mji wa mbali, miaka miwili. Fundi hakujibu. Alitaka kwanza amuulize Mvuke kama atakubali kuolewa naye, na akikubali, habari ya mji wa mbali iishie hapo. Siku aliyopanga kuuliza, dada yake alimpigia pasi shati jeupe, akasema kola ile ingesimama hata bila shingo.

Alifika ofisini kwa Mvuke mchana. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mvuke alikuwa kwenye simu, amempa mgongo.

"Mwambie profesa asihangaike," alikuwa akisema. "Wiki hii nalala na Bwana Mkubwa mimi mwenyewe. Jana alianza kupata joto, nikamnywesha, akatulia. Fundi? Sijamwambia bado. Nitamwambia mambo yakishakwisha."

Kola ikamkaba Fundi. Aligeuka akaenda zake, na hasira zilimchemka hata hakukumbuka kusubiri lifti. Jioni Mvuke akapiga.

"Fundi wangu, mbona hukuja?"

"Nilikuja. Nikakusikia. Bwana Mkubwa hajambo?"

"Ah, umesikia." Sauti yake ilikuwa ya uchovu tu, haikuwa na aibu hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Fundi zaidi. "Nilitaka nikwambie taratibu, usinune. Wiki hii yote siwezi kumwacha. Akipata joto nimekwisha, kazi ya mwaka mzima inakufa."

"Kwa hiyo unampenda."

"Nampenda, nifanyeje? Mzee, msumbufu, lakini kati ya wote hakuna anayeona vizuri kama yeye."

"Kati ya wote? Wako wangapi?"

"Kumi na wawili. Tumewapanga duara."

Fundi aliikata simu. Kudanganywa angevumilia, kudhihakiwa, hapana. Simu ikaita tena, ikaita, akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Asubuhi alimwambia msimamizi kwamba anaenda. Gari la vifaa lingeondoka Ijumaa alasiri naye akiwa ndani yake.

Siku hizo hazikumpa hata pa kukaa. Alianza kufunga mizigo akaifungua, akafunga tena. Alinyoa ndevu, akajutia kunyoa. Dada yake akamuuliza, "Kaka, umekanyaga siafu?"

Ijumaa, begi likiwa mlangoni, msimamizi alipiga simu.

"Ile lifti ya jengo la sayansi imekwama tena."

"Mtume mwingine, bosi."

"Mwingine yupi? Lifti ile unaijua kama mkeo. Tengeneza, gari litakupitia huko huko."

Ssssss, lifti ilikuwa inalia alipofika. Mvuke alikuwa amesimama mbele yake, macho mekundu, koti limekunjamana kama amelala nalo.

"Harakisha, Fundi," alisema. "Ukitaka kunichukia, nichukie baadaye. Wamesimamisha mashine ili nimnyweshe, na mtungi ndio huo umekwama. Bwana Mkubwa anapata joto."

"Mwache apate," Fundi alijibu, lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kufungua kifuniko. Aliishusha lifti taratibu mpaka chini. Kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kupanda na mtungi, na kwa kuwa alitaka kumwona mwanamume huyo uso kwa uso, alishuka kwa ngazi nyuma ya Mvuke, ngazi baada ya ngazi, akihema na kutukana kimoyomoyo.

Maabarani palikuwa na baridi na mngurumo wa feni. Mvuke alivaa glavu, akavuta mtungi hadi kwenye duara la mapipa ya chuma yaliyokikodolea macho kitu kimoja katikati, akapachika mpira kwenye pipa kuukuu kuliko yote. Kwenye tumbo lake palikuwa na utepe ulioandikwa kwa kalamu ya wino mzito: BWANA MKUBWA.

Fundi aliyahesabu mapipa. Kumi na mawili.

"Huyu?" alisema.

"Huyu. Hivi vyote ni vigunduzi vyetu vya kunasa ile miale. Bila baridi havioni mwale hata mmoja. Ulidhani ni..." Mvuke alimtazama. Akaikumbuka ile simu, neno kwa neno, na kicheko kikamtoka mpaka akaegemea mtungi. "Kumi na wawili, Fundi?"

"Ungesema kimepata joto, ningeelewa! Kwa nini unamwita kama mtu?"

"Lala wiki nzima karibu na kitu hiki, kikuamshe kama mtoto mchanga, halafu uone kama utaendelea kukiita kitu."

Fundi alikaa juu ya kreti. Masikio yalimwaka. Mvuke alikaa kando yake, mabega yakagusana.

"Leo nisikilize mpaka mwisho," alisema. "Hapo katikati tunagonganisha viini vya atomi viwili, vinaungana, kinatokea kimoja kinachozunguka kama pia ya watoto. Hakiwezi kutulia. Kinashuka ngazi moja moja, na kila ngazi kinatoa mwale. Huo ndio tunaoupima. Sasa, kule juu, kasi inapozidi, chembe mbili zilizokuwa zimeshikana ndani yake huachana. Kasi yenyewe ndiyo inayoziachanisha."

"Halafu?"

"Kikishuka vya kutosha, zinashikana tena."

Honi ya gari ililia huko juu, mara mbili. Simu ya Fundi ikatetemeka mfukoni.

"Ndilo gari lako?" Mvuke aliuliza polepole. "Nimesikia kwa mlinzi kuwa umepata kazi mbali. Kama unaitaka kazi hiyo, nenda. Usiende tu kwa sababu ya pipa."

Fundi alitoa simu. "Bosi, gari liondoke. Mimi nimebaki." Akaizima kabla matusi hayajafika. "Siku ile nilivaa shati jeupe, Mvuke. Nilikuja kukuuliza kama utakubali tuoane."

"Na leo hujavaa."

"Leo nauliza na ovaroli. Utakubali?"

Mvuke alichomoa mpira, akausukuma mtungi mtupu ndani ya lifti, akaupandisha peke yake kwenda kujazwa, kisha akasimama chini ya ngazi, mkono kiunoni.

"Wamebaki kumi na mmoja wa kunyweshwa," alisema. "Mume wangu atakuwa nani, anayepanda na mtungi au anayepanda na mimi?"

Fundi aliziangalia ngazi, zilivyopinda na kupotelea juu. Akaushika mkono wake, ulikuwa bado wa baridi.

"Nakuahidi," alisema kwa sauti, mpaka ngazi zote zikamrudishia. "Mtungi uende na lifti. Mimi nitakwenda na wewe kwa miguu, kupanda na kushuka, mpaka magoti yakatae. Na siku nikisikia umelala na bwana yeyote, nitauliza kwanza kama ni pipa."