Mwili Uliolala Ndani ya Duara

Simu ilitetemeka juu ya kifuniko cha sufuria, tr-r-r, tr-r-r, chumba kikiwa bado giza. Fundi aliiweka pale makusudi kila jioni, maana juu ya mto asingeisikia. Aliinyakua kabla haijamwamsha binti yake wa miaka sita, akajifunika shuka gubigubi, akafungua mchezo.

Mchezo wenyewe ni wa kunusurika porini. Unakata kuni, unatafuta maji, unakimbia fisi. Ukitoka mchezoni, mwili wako unabaki umelala palepale, na fisi hawana adabu. Pa salama ni mahali pamoja tu: ndani ya duara la uyoga unaong'aa, na uyoga huo lazima umwagiwe maji kila siku kabla hakujakucha.

Ndani ya duara alikuwa amelala mwanamume wa katuni, ovaroli yake ya kijani. Siku ya kumi leo, hajaamka.

Yule wa kweli alikutana naye uwanjani miezi mitano nyuma, siku ya mashindano ya shule. Fundi alikuwa amepeleka jezi alizoshona, kavaa gauni la maua ya njano, kazi ya mkono wake. Akawa anamsubiri mwalimu wa michezo katikati ya vumbi, filimbi na makelele ya watoto, simu mkononi.

"Dada, duara halikai hivyo," sauti ilisema begani kwake.

"Kaka, nani kakuita?"

"Aliyetengeneza huo mchezo hajawahi kushika udongo. Njoo nikuonyeshe la kweli."

Alikuwa mtunza nyasi wa uwanja, mrefu, buti za mpira zimejaa matope. Nyuma ya goli uyoga mweupe ulikuwa umejipanga mduara, kama watu waliokaa kusikiliza shauri.

"Huu unaouona ni sura tu. Mwenyewe yuko chini, nyuzinyuzi. Alianzia katikati, akala akamaliza, akasogea nje. Kila mwaka duara linapanuka. Mimi nafyeka juu, yeye ananicheka huko chini."

"Unaliwa?" aliuliza binti wa Fundi, aliyekuwa ameshika gauni la mama yake.

"Na asiyetaka kuiona kesho, mwanangu."

Fundi alicheka mpaka akamsahau mwalimu. Akambandika jina, Bwana Nyasi. Naye akauweka mchezo kwenye simu yake ili aukosoe vizuri, akanasa mara mbili: mchezoni, na kwa mshonaji.

"Mpenzi, utanimwagia maji?" alikuwa akipiga kila jioni.

"Nitakumwagia, lala."

"Basi nalala kama mfalme."

"Mfalme gani anakoroma kabla hajakata simu?"

Halafu, ghafla, kimya. Simu ikaita bila kupokelewa. Siku ya nne akapokea mwanamke. "Hawezi kuongea," akakata. Fundi alimaliza kila kitu mwenyewe kichwani: mwanamke huyo alivyo, alivyovaa, anavyocheka. Hata hivyo kila alfajiri aliumwagia uyoga maji, huku akijilaani. Lakini jana jioni, nyuma ya sauti ya yule mwanamke, aliisikia ya Bwana Nyasi, safi kabisa: "Mwambie sipo."

Basi alfajiri hii hakumwaga maji. Aling'oa uyoga mmoja. Fisi wakapitia palepale kwenye pengo. Alitazama mpaka mwisho, mkono wake umetulia kama wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Saa moja, akimfunga binti viatu vya shule, simu ikaita. Namba yake.

"Wewe ndiye Fundi?" Mwanamke yuleyule.

"Ndiye. Na wewe ndiye uliye naye?"

"Mimi ni dada yake, tumbo moja." Pumzi nzito ikapita. "Amepofuka, Fundi. Mkuu wake alitaka ule uyoga ufe kabla ya mechi. Akapewa dawa kali, miwani ya kujikinga hakuna. Mpira wa pampu ukapasuka, dawa yote machoni. Alinikataza kukwambia. Eti una mtoto wa kulea, usiongezewe na mtu mzima."

Fundi aliketi sakafuni, kiatu kimoja cha mtoto mkononi.

"Kila asubuhi ananiambia, nisomee simu. Namsomea: 'Duara lako limemwagiwa maji na Fundi.' Hapo ndipo anakubali kunywa chai. Leo nimesoma kabla sijaelewa ninachosoma: 'Umefariki. Duara lako limevunjwa na Fundi.' Amegeukia ukutani, hataki hata maji. Sasa niambie, wifi, nimfanyeje?"

Shule siku hiyo haikuendeka.

Walimkuta nyumbani kwa dada yake, ukingoni mwa kitanda, bandeji machoni, uso umeelekea ukutani. Alivaa shati la shemeji yake, fupi mikono, vifungo vimekwenda upande.

"Nani?"

"Muuaji."

"Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu. Niling'oa mwenyewe. Nilidhani una mwanamke. Nikawatazama fisi wakikula mpaka wakaondoka."

"Ulijisikiaje?"

Angeweza kudanganya. "Vizuri. Kama dakika mbili hivi."

Kitu kilimtoka kooni, hakijulikani kicheko au nini. "Afadhali wewe. Hapa kila mtu ananiambia nitapona."

"Daktari kasemaje?"

"La kushoto limekwenda. La kulia labda libaki na mwanga kidogo, kama taa nyuma ya pazia zito. Uwanjani wameshaleta mtu mwingine. Nenda zako, Fundi. Hata mchezoni sifai tena."

"Kwani nilikupendea macho? Macho yenyewe ulikuwa unayamalizia kwenye nyasi."

"Usinichekeshe, inauma."

"Basi lia."

Akalia, na hilo nalo liliuma, akashika bandeji kwa mikono miwili. Fundi hakumbembeleza. Alipiga magoti mbele yake, akafungua vifungo vyote, akavifunga upya kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Inuka, tutoke nje. Unanuka hospitali."

"Nitaanguka."

"Utaanguka. Mara nyingi tu. Inuka, mpenzi."

Aliinuka akanyoosha mkono hewani. Kabla Fundi hajaufikia, binti alikuwa ameshaushika. Wakaenda hivyo, taratibu, hadi mlango wa nje. Pale alisimama, kidole cha mguu kikiitafuta ardhi na kuikosa, jasho likimtoka shingoni.

"Anko, hapa kuna ngazi tatu," mtoto alisema.