Wapangaji wa Babu

Wiki nzima ile, kengele ya mwisho ikilia shuleni, Chiriku hakwenda nyumbani. Alielekea nyumba ya marehemu babu yake, alikowakuta mama na mjomba wameshavaa nguo za kazi. Nyumba ilikuwa inauzwa. Jumamosi asubuhi mnunuzi angekuja kuitazama, na ilibidi ing'ae.

Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Wengine wote walimwita Chiriku kwa ajili ya domo lake. Mama yake alidai kwamba mtoto huyo alizaliwa akiwa katikati ya sentensi.

Mama alisugua sakafu na vioo. Mjomba, dereva wa lori aliyejiona fundi wa kila kitu, alipaka rangi. Chiriku alipewa kisu kidogo na kopo la puti, azibe matundu ya misumari kutani.

"Kila tundu," mjomba alisisitiza. "Mnunuzi ana macho kama ya mwewe."

Chiriku alijua sababu ya haraka hiyo. Tangu babu afariki, bibi alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni kwao. Nyumba ikiuzwa, angejengewa chumba chake. Bibi hakulalamika, lakini kila asubuhi Chiriku alimwona akijinyoosha mgongo polepole huku ameshikilia meza, na moyo ulimuuma.

Kilichomsumbua ni chumba cha babu. Zamani kilikuwa na mlango wa nje. Baadaye ukazibwa kwa mbao, ndani na nje, pengo likabaki katikati. Babu alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa mbele ya mbao hizo miaka mingi. Sasa ilikuwa imeshachukuliwa. Hata hivyo, Jumatano, Chiriku akiwa peke yake humo, aliisikia. Ulikuwa mngurumo mwembamba, kama wa mtu anayeshona pindo lisilokwisha. Akaweka kiganja kwenye mbao. Zilikuwa na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Akatoka mbio.

"Mama, si babu alikuwa akisema ana wapangaji?"

Mama aliacha kusugua. Katika miaka yake ya mwisho babu alimwambia kila mgeni kwamba haishi peke yake, kwamba ana wapangaji wanaoamka kabla yake na kufanya kazi kutwa. Wageni walimwonea huruma, kwani katika nyumba ile hawakumwona mtu mwingine ila bibi.

"Ulikuwa uzee, mwanangu," mama alisema.

"Na hiyo sauti ukutani?"

Mjomba alidakia kutoka ukumbini. "Nyumba tupu haikosi sauti. Sikiliza, Chiriku. Jumamosi huo ulimi tuupe likizo. Ukimwambia mnunuzi ukuta unanguruma, ataondoka, na bibi yako ataendelea kulala kwenye kochi."

Kwenye mbao zile palikuwa na tundu la kigingi alichotundikia babu koti lake. Chiriku alilijaza puti siku hiyohiyo. Alhamisi aliikuta puti sakafuni, chembechembe, kana kwamba kuna kitu kilichoisukuma kutoka ndani. Akajaza tena. Ijumaa ikawa vilevile. Akajaza mara ya tatu, na hakumwambia mtu.

Jioni hiyo manyunyu yalianguka. Chiriku alizunguka nje kukusanya brashi, akaona kwenye mbao za nje ufa unaotosha kidole gumba. Aliinama. Pumzi ya joto ilimgusa shavu, yenye harufu tamu kama ya nta. Ndani, cherehani ilikuwa ikishona. Chiriku hakufikiri mara mbili. Alisokomeza kitambaa kwenye ufa, akakandika puti juu yake, akapaka rangi. Mngurumo ukapanda ghafla, kama wa mtu aliyeshikwa koo.

"Umemaliza?" mama aliuliza. "Hakuna tatizo?"

"Hakuna," Chiriku alijibu. Mama alishangaa jibu fupi namna ile, lakini alikuwa amechoka.

Mnunuzi aliyekuja Jumamosi alikuwa muuguzi, mama mpole mwenye viatu visivyotoa sauti. Alimshika mkono mwanawe wa miaka minne. Alisifu vioo, akasifu rangi. Walipofika chumba cha babu, mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye mbao, akatega sikio.

"Mama, ukuta unaimba."

"Friji ya jirani hiyo," mjomba alisema upesi, akicheka.

"Basi hiki kitakuwa chumba chako," muuguzi alimwambia mwanawe. Juu kidogo ya kichwa cha mtoto, kwenye tundu la kigingi, puti ilikuwa inatikisika. Ikadondoka. Kitu cheusi chenye miguu myembamba kikajitokeza, kikasita, kikaruka. Kikafuata cha pili. Akilini Chiriku aliliona kochi, akauona mgongo wa bibi. Kisha akamwona mtoto akiinua kidole kuelekea tundu.

"Usiguse!" Alimvuta kwa nguvu. "Tokeni nje. Ni nyuki. Wamejaa ukutani, na njia yao nimeiziba mimi jana. Nilisikia sauti tangu Jumatano, nikanyamaza."

Muuguzi alimbeba mwanawe wakatoka wote. Mjomba, aliyebaki nyuma kufunga mlango, alichomwa mdomo wa juu, ukavimba hadi akashindwa kusema.

Jioni mrina asali alikuja na moshi wake, akabandua mbao za nje. Masega saba yalining'inia mle, marefu kama mkono wa mtu mzima.

"Hawa ni wakazi wa miaka mingi," alimwambia Chiriku. "Umewafungia mlango wao, wakatafuta wa kwako."

Aliwahamishia kwenye mzinga, akaondoka nao. Chumba kikawa kimya kabisa.

Nyumbani Chiriku alimweleza bibi yote. "Niliogopa ungebaki kwenye kochi," alimaliza akilia.

"Babu yako alimwambia kila aliyeingia," bibi alisema. " Sisi tukasema uzee, na mimi nikiwemo." Akamfuta machozi. "Kitanda ningekipata, mjukuu wangu. Lakini usingizi ningeutoa wapi, kama mtoto wa mwenzangu angeumwa na nyuki ili mimi nilale?"

Jumatatu muuguzi alirudi, na fundi wa ujenzi akiwa naye. Mjomba, mdomo bado umevimba, alimwomba radhi akiwa ameinamisha kichwa. Fundi alikagua kila ukuta.

"Nimeonyeshwa nyumba nne nyingine," muuguzi alisema. "Zote niliambiwa hazina kasoro hata moja. Hii ndiyo pekee niliyotajiwa ugonjwa wake, nayo nitaichukua." Akamgeukia Chiriku. "Kazini kwangu tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ulichelewa kusema, lakini ulisema wakati mwanangu alipokuhitaji. Siku nyingine usingoje mpaka mtu anyooshe kidole."

"Sitangoja," Chiriku alisema.

Kabla ya kukabidhi funguo, aliingia mara ya mwisho kwenye chumba cha babu, akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi.