Niliunguza Filamu, Nikamsingizia Mzee Dawa

Nilifungua mgongo wa kamera saa saba mchana, juani, huku nikijua kabisa filamu iko ndani.

Sikuteleza. Sikusahau. Nilifanya makusudi!

Kisha nikafunga kana kwamba hakuna kilichotokea...

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Wengi mnanifuata humu kwa sababu ya mapozi yangu na kamera ya filamu shingoni. Leo sijisifii. Leo najianika mwenyewe, na mkinichamba kwenye komenti mtakuwa na haki yenu.

Shangazi yangu ana studio ya picha. Wenzake wote walishahamia dijitali, yeye kagoma. Ana kamera tatu za zamani, zile za filamu pana, upana wa vidole vitatu hivi. Filamu moja inatoa picha kumi na mbili tu, za mraba. Huwezi kubofya bofya ovyo. Ukipiga picha mbovu, umeila nafasi.

Kamera ninayoizungumzia ina macho mawili, moja juu, lingine chini. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, unachungulia kwa juu. Jicho la juu ni la kuangalia. La chini ndilo linalopiga.

Shikeni hapo, maana ndipo nilipojimaliza.

Kifuniko chake cha asili kilipotea zamani. Tulikuwa tunatumia kifuniko cha plastiki cha kichupa cha dawa ya kikohozi, kinaziba jicho la chini peke yake.

Nyuma ya studio kuna chumba cha giza. Humo alikaa Mzee Dawa miaka ishirini na sita, akisafisha filamu na kuchapa picha. Tulimwita hivyo kwa sababu vidole vyake vilinuka dawa za kusafishia hata akitoka kuoga. Mpole, mcheshi, hana maneno mengi. Mimi aliniita "mwanangu" tangu siku ya kwanza.

Sasa Jumamosi hiyo akaja Mama Cherehani na binti yake.

Mama Cherehani ni fundi nguo. Alikuwa na uvimbe kwenye taya, upande wa kushoto. Jumatatu asubuhi madaktari walikuwa wanamfanyia upasuaji, taya lile linaondolewa. Uso wake usingekuwa ule tena.

"Nataka picha moja kubwa ya ukutani," alisema. "Binti yangu ana mimba. Mtoto akija, aone bibi yake alikuwa anacheka vipi kabla hawajamkata."

"Mama, usiseme hivyo jamani!" binti yake akamkemea.

"Nisemeje? Niseme wananipunguzia shavu?"

Tukacheka.

Shangazi akapakia filamu mpya, akapiga picha tatu. Ndiyo desturi yake. Kila filamu, tatu za kwanza anapiga yeye, halafu ananiachia. Mama Cherehani akazikalia kama yuko mahakamani, uso umekaza.

Mara wakaja watu wa picha za pasipoti. Shangazi akanipa kamera.

"Malizia tisa zilizobaki. Na ukifanya kazi hii vizuri, kamera hii ni yako."

"Yangu?! Shangazi!"

"Yako. Lakini vizuri!"

Aisee! Kichwa kikavimba hapohapo. Nikaamua kuwapeleka uani kwenye mwanga mzuri. Nikaziba jicho la chini na kile kifuniko ili vumbi lisiingie wakati wa kuhamisha vitu, nikambebea mama kiti.

Huko uani mambo yakawa matamu. Nilimtania, akanitania. Nilipofika picha ya saba hivi, nikamuuliza kama aliwahi kushona nguo ikagoma kuingia. Akaanza kusimulia bwana harusi mmoja aliyechanika suruali akiwa ndo anapiga magoti...

Akacheka! Alicheka mpaka machozi, kichwa nyuma, meno yote nje. Kwenye kioo cha kamera nilimwona vizuri kabisa. Nikabonyeza.

"Hiyo hapo!" nilipiga kelele. "Hiyo ndiyo ya ukutani!"

Binti yake akapiga makofi. Nikamalizia zilizobaki, wakaaga, wakaenda kula kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Basi lao la kwenda hospitali lilikuwa saa tisa.

Nikageuza kamera ili nizungushe filamu imalizike.



Kifuniko...

Kifuniko kilikuwa palepale, kwenye jicho la chini.

Picha zote tisa nilikuwa napiga giza! Jicho la juu lilinionyesha kila kitu, na la chini halikuona chochote.

Jamani, wakati huo mama yule alikuwa hata supu hajaagiza. Ningevuka barabara tu. Ningesema, "Mama, nisamehe, nimefanya ujinga, tupige upya." Saa mbili nzima zilikuwepo!

Lakini mimi niliwaza kamera. Niliwaza Shangazi atakavyonicheka, niliwaza na nyie wafuasi wangu. Filamu ikisafishwa, zitaonekana picha tatu nzuri za Shangazi na tisa tupu. Kila mtu atajua ni mimi.

Ikaungua yote, nani atajua?

Ndipo nikafungua mgongo wa kamera, juani. Nikahesabu mpaka tano. Nikafunga, nikazungusha filamu mpaka mwisho, nikaitoa, nikalamba gundi ya karatasi inayoizunguka na kuibandika, nikaiweka kwenye sinia la Mzee Dawa.

"Zimetoka nzuri, mwanangu?" akaniuliza.

"Nzuri sana, Mzee."

Saa tisa akaingia nayo chumba cha giza. Mimi nikasubiri kidogo, nikamfuata Shangazi kaunta.

"Shangazi... sipendi kusema. Lakini Mzee kafungua mlango wa chumba cha giza filamu ikiwa nje ya kopo lake. Mwanga umeingia. Nimeona kwa macho yangu."

"Filamu gani?"

"Ya Mama Cherehani."

Shangazi akageuka rangi. Mwezi uliopita Mzee alichanganya dawa vibaya, na Shangazi alikuwa bado ana kinyongo. Akaenda kugonga mlango ule kama polisi.

"Mzee, toka!"

Mzee akatoka na tangi mkononi, lile kopo lililofungwa ambamo filamu inaogeshwa dawa.

"Umefungua mlango filamu iko nje?"

"Sijafungua, mama. Nani kasema?"

Shangazi akaniangalia. Mzee naye akaniangalia.

Nikatazama sakafu.

"Mama, ngoja dakika nane tu imalize, uone mwenyewe..."

"Sitaki kuona chochote! Yule mama anakatwa uso keshokutwa! Chukua tangi lako uende nyumbani, Mzee. Umechoka."

Mzee hakubisha. Tangi lilikuwa lake kweli. Akamimina dawa ya pili, ile ya kukazia picha, kwenye chupa, akachukua bahasha ya mteja yenye jina na namba ya simu, akatoka. Kila baada ya nusu dakika alikuwa analigeuza lile tangi juu chini, maana filamu isipotikiswa inatoka na madoa. Amefukuzwa kazi, yuko barabarani, bado anaitikisa filamu ya mteja!

Nami nikasimama mlangoni nikimtazama akienda.

Shangazi akampigia binti simu. Walikuwa tayari kwenye basi. Nikasikia kilio kikitoka kwenye simu mpaka nilipokuwa nimesimama mimi.

Saa kumi na moja natoka kazini, nikamwona Mzee Dawa amesimama ng'ambo ya barabara, ananitazama. Hakuniita. Nikaweka simu sikioni, nikajifanya naongea, nikapita.

Wiki hiyohiyo Shangazi akanipa kamera. "Wewe ulifanya kazi yako," alisema. "Fundi ndiye kaharibu."

Nami nikaipokea! Nikapiga picha nayo, nikaiposti humu na kwenye kundi la wapiga picha. Mnakumbuka nilichoandika? "Jihadharini na mafundi wazee. Macho yamekwisha, mikono imekwisha, wanaunguza kazi zetu." Na jina lake la kazini nikaliweka, mfahamu ni nani.

Watu mia nne wakacheka. Nami nikacheka nao.

Wiki tatu zikapita.

Siku hiyo nafuta lenzi, akaingia binti wa Mama Cherehani. Tumbo limekua, uso umechoka.

"Mama anaendeleaje?" Shangazi akaruka kumpokea.

"Anaishi, tunashukuru. Mdomo umeshonwa upande mmoja. Bado anaongea kwa kuandika. Nimekuja kumshukuru yule mzee wenu."

"Mzee gani?"

"Aliyetuletea picha hospitali Jumapili ile. Alikuja kwa basi, akakaa na mama mpaka jioni."

Akatoa bahasha, akapanga picha tatu juu ya kaunta. Picha safi, zimechapwa kwa mkono, kila uzi wa kitambaa cha kichwani unauona.

Shangazi akaziangalia muda mrefu.

"Hizi ndizo tatu zangu," akasema polepole.

"Nzuri sana, mama. Ila..." binti akasita. "Kwenye zote tatu hajacheka. Na siku ile alicheka mpaka akalia. Huyu dada alisema hiyo ndiyo ya ukutani. Sasa hivi hawezi kucheka vile tena, madaktari wamesema. Ile ya kucheka iko wapi?"



Shangazi akanigeukia. "Filamu ingeingia mwanga chumbani, ingeungua yote. Hizi tatu zimeponaje?"

Nikainamia lenzi, nikaendelea kuifuta. 

"Nakuuliza wewe!"

"Kifuniko..." nikasema. "Nilisahau kifuniko, Shangazi. Halafu... nikafungua kamera."

Nilieleza yote mbele ya mtoto wa yule mama. Hakunitukana. Alikusanya picha zake moja moja, akazirudisha kwenye bahasha.

"Tulikaa pale mgahawani mpaka saa tisa kasoro," alisema. "Tulikuwa tunakuona kupitia dirisha."

Akaondoka.

Bora angenizaba kibao!

Shangazi alikaa chini. Nilidhani atafoka. Akaongea kama mtu mwenye homa.

"Unajua kwa nini tatu za kwanza napiga mimi kila siku?"

"Hapana."

"Kwa sababu kila anayejifunza kamera hii anasahau kifuniko. Mimi nilisahau kwenye harusi nzima! Mzee Dawa akacheka wiki mbili. Zile tatu ni za kukukinga wewe, mjinga we, siku utakaposahau. Ungeniambia, ningekucheka, tungewaita wavuke barabara, basi!"

Ndugu zangu, nililia kwa aibu. Nilificha kosa ambalo lilishasamehewa hata kabla sijalifanya.

Kamera nikaiweka mezani mwenyewe. Shangazi hakuigusa.

Tukaenda nyumbani kwa Mzee, wote wawili. Anakaa chumba kimoja na mke wake, na kwenye kona kuna mashine yake kuukuu ya kuchapia picha. Dirishani filamu yetu ilikuwa inaning'inia kwenye kibanio cha nguo. Mzee akaishusha, akaiinua kwenye mwanga.

"Angalia, mwanangu. Tatu za kwanza, nzuri. Ya nne mpaka ya kumi, filamu tupu, unaona ukuta kupitia hapo. Mbili za mwisho, nyeusi tii, zimeunguzwa na mwanga. Mtu alipiga na kifuniko, kisha akafungua kamera. Hizi za kwanza zilikuwa zimeshaviringishwa ndani, karatasi ya nyuma ikazilinda."

"Ulijua tangu lini, Mzee?"

"Jumamosi ileile, saa kumi. Nikarudi, nikasimama ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nakusubiri uje useme mwenyewe."

"Kwa nini hukumwambia Shangazi?"

"Angeniamini?" Alimtazama Shangazi bila hasira. Shangazi akapangusa macho kwa upande wa kitenge.

Nikapiga magoti. "Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe. Simama, sakafu ina baridi."

Shangazi akamwomba arudi kazini, hata kesho.

"Hapana, mama. Miaka ishirini na sita ilishindwa na maneno ya dakika tano. Sirudi hapo."

"Basi hata studio nyingine," nikasema, "nitakuombea mwenyewe..."

Mke wake akadakia. "Amekwenda mbili. Zote wanamwonyesha kwenye simu kitu ulichoandika. Wanamcheka, wanamrudisha."



Mzee akaifunga filamu ndani ya karatasi, akanipa. "Kile kitu walikisoma watu wangapi?"

"Mia nne na zaidi."

"Waambie haohao."

Basi. Ndiyo sababu ya post hii.

Ile ya kwanza sijaifuta, nimeiacha chini hapo mlinganishe. Mafunzo mnataka? Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati mtu bado yuko ng'ambo ya barabara. Mimi nilichelewa, na kuna mtoto atazaliwa asione kicheko cha bibi yake. Hilo hakuna msamaha unaolirudisha.

Wenye studio mliomrudisha yule mzee, mtafuteni. Kwenye filamu pana sijaona mkono kama wake. Na kama ulicheka kule, usinipe pole mimi. Sambaza hii kama ulivyosambaza ile.

Mzee Dawa hakuunguza filamu. Niliunguza mimi.