Abdulatifu na Kidonge cha Kukojoza

Abdulatifu hakuwa mtu wa kukaa. Alfajiri yuko kwenye chanja anageuza ng'onda, samaki wake wa chumvi wa kuanika. Jua likitoka yuko sokoni Kivinje. Chai haijapoa, ameshakwenda kwa fundi kuulizia kanzu. Wiki hii ndiyo kabisa! Ijumaa binti yake Zuhura, mwalimu huko Njinjo, anaolewa hukohuko, na walii ni yeye.

"Nitamwozesha kwa kinywa changu," alimwambia kila aliyekutana naye. "Simpi mtu uwakala."

Lakini Jumatatu miguu ilikataa viatu. Akitembea hatua kumi, anasimama kuhema. Akilala chali, anajiona kama anazama. Mkewe Hafsa alichoka kuangalia. Akaenda kumwita jirani yao Yustina, nesi mstaafu, Mmatumbi wa Kipatimu.

"Mtani!" Yustina aliita mlangoni. "Nasikia miguu imenenepa kuliko ya bibi harusi."

"Nimesimama sana tu. Niache, nina safari."

Yustina alimbonyeza juu ya kifundo cha mguu. Akaondoa kidole. Shimo likabaki.

"Haya ni maji. Vidonge vya moyo unakunywa?"

Abdulatifu akatazama nje.

"Vingine nakunywa. Cha kukojoza nimekiacha tangu Jumatano. Kinanidhalilisha! Natia udhu, sijafika msikitini umetenguka. Narudi kutia tena, imamu keshatoa salamu."

"Na ng'onda?"

"Muuza ng'onda asile ng'onda?"

"Asubuhi na jioni," Hafsa alisema.

"Kaa nikueleze," Yustina alisema.

"Siwezi kukaa."

"Basi sikiliza umesimama. Moyo hausukumi damu tu. Unatuma na ujumbe. Maji yakizidi mwilini, damu inaujaza moyo, kuta zake zinavutika. Hapo unamwaga homoni kwenye damu. Homoni hiyo inafika kwenye figo, inaziambia: toeni chumvi, toeni maji. Inafika kwenye mishipa: legeeni, damu ipite. Moyo unapata nafuu."

"Wangu hautumi?"

"Unatuma sana, lakini hautoshi. Umechoka, unasukuma kwa unyonge. Figo zikipata damu kidogo, zinadhani mwili umekauka. Zinazuia chumvi na maji. Na wewe unaziongezea chumvi ya ng'onda, nayo inashika maji. Yanajaa miguuni, yanajaa mapafuni. Kile kidonge ndicho kinachozisaidia figo kuyatoa."

Abdulatifu alitaka kujibu. Pumzi ikamkatikia katikati ya neno.

"Ukiendelea hivi," Yustina alisema, safari hii bila kucheka, "Ijumaa sitakuja kula pilau. Nitakuja kufanya kazi ya mtani msibani."

Hafsa hakungoja. Alitoka mbio kutafuta bajaji.

Hospitali walimchoma sindano ya kutoa maji. Chakula hakikuwa na chumvi. Kila asubuhi alipimwa uzito, na kila alipopita mtu mwenye koti jeupe aliuliza, "Natoka lini?" Hata mfagiaji aliulizwa. Kufika Alhamisi, kilo nne zilikuwa zimeondoka. Akalala chali, akapumua.

"Kidonge ulikuwa unakunywa saa ngapi?" daktari alimuuliza akimruhusu kutoka.

"Saa tano, nikitoka sokoni."

"Ndiyo maana adhuhuri kinakusumbua. Kinywe baada ya swala ya alfajiri. Adhuhuri ikifika, kimepunguza kasi. Kesho tu, kwa ajili ya safari, kinywe shughuli ikiisha. Kubadili saa, tuulize sisi kwanza. Kuacha, hapana. Jipime kila asubuhi. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku chache, au pumzi ikibana, njoo mara moja."

Ijumaa huko Njinjo, baada ya swala, Abdulatifu aliketi mbele ya bwana harusi, Amiri, akamshika mkono. Alimwozesha binti yake kwa kinywa chake, neno kwa neno, hakusimama kuhema hata mara moja. Kisha akameza kidonge. Akaletewa wali na kuku aliyepikwa kando bila chumvi. Akakunja uso, akala.

Wakati wa kupiga picha, walii haonekani.

"Baba yuko wapi?" Amiri aliuliza.

"Yuko chooni," Hafsa alisema. "Mara ya tatu hii. Mwache."

"Nakuja!" sauti ilitoka nyuma ya nyumba. "Tukishapiga picha, nani atanitembeza? Kijiji chote sijakiona!"