Pacha Wawili, Kipimo Kimoja

"Umemwondoa mtoto kwenye sinia kwa sababu ya suruali?" Jemima alimuuliza jirani yake Khadijo.

"Mimi ndiye niliyemshauri," alisema Deka, jirani mwingine, kutoka mlango wa pili. "Wewe yakuhusu nini?"

"Yananihusu. Nimemkuta amekaa chini barabarani, kichwa kinamzunguka. Amenieleza yote."

Khadijo alisimama kati yao, akimshika binti yake Leyla mkono. Mtaa wao uko Sparkbrook, ughaibuni kwa Waingereza. Nyumba zimebanana bega kwa bega. Ukikaanga vitunguu, jirani anajua unapika nini. Tayari mapazia ya upande wa pili yalikuwa yanacheza. Khadijo akawaambia wote waingie ndani kabla mtaa mzima haujajua.

Leyla akaenda kukaa ngazini bila kuvua koti. Mama yake akamletea chai ya maziwa. Akajibu kwa Kiingereza kwamba hana njaa. Khadijo akaenda jikoni, akafunua wali, akaufunika, akarudi. Hakuweza kutulia.

Mambo yalianza hivi. Khadijo ni Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, na ni fundi wa kushona. Kila Idi huwashonea pacha wake, Leyla na Mahad, nguo za kufanana. Tangu wakiwa wadogo humpima mmoja tu, kisha hukata vitambaa viwili. Mwaka huu, wakiwa na miaka kumi na mmoja, alimpima Mahad. Suruali ikamtosha. Ya Leyla ikakwama mapajani.

Deka alikuwepo siku hiyo, kikombe mkononi. Akacheka, akasema huyu msichana anakula na fungu la ndugu yake. Jioni hiyo Leyla alipewa sahani yake ndogo jikoni, yai na matango. Wengine walizunguka sinia kama kawaida. Katika nyumba ile, kula sinia moja ndiyo udugu wenyewe. Basi Leyla akaacha hata matango, na tangu hapo hakula vizuri.

"Nilitaka kumsaidia," Khadijo alisema. "Ni pacha. Mbona mmoja anenepe na mwingine abaki mwembamba?"

Jemima ni nesi wa watoto. Alijibu polepole.

"Mama Leyla, walizaliwa siku moja. Hawabalehe siku moja. Unakumbuka walivyokuwa wachanga?"

Khadijo alikumbuka. Mapaja yalikuwa mikunjo mitupu.

"Mafuta yale hupungua mtoto anapokua. Karibu na umri wa kuanza shule huwa mwembamba, halafu huanza kuongezeka tena. Mpaka hapo wasichana na wavulana hawaachani sana, ingawa msichana huwa na mafuta kidogo zaidi. Akianza kubalehe, mwili wake huyaweka nyongani, mapajani na kifuani. Ndivyo msichana anavyokua. Mvulana huchelewa kidogo. Naye akianza, huongeza zaidi misuli na mifupa. Mafuta yake yakizidi, mara nyingi hukaa tumboni."

"Kwa hiyo hakuna mtoto mnene?" Deka aliuliza.

"Wapo. Ndiyo maana mtoto hulinganishwa na wenzake wa umri wake na jinsia yake. Halinganishwi na kaka yake. Nipeni uzi."

Akamwita Leyla taratibu. Akakata uzi sawa na urefu wake, utosini hadi kisiginoni. Akaukunja katikati, akamzungushia tumbo, juu kidogo ya kitovu. Uzi ukazunguka tumbo lote, ukabaki kipande.

"Ukibaki, ni dalili nzuri," alisema. "Usipofika, au ukiwa na wasiwasi wowote, muone daktari. Lakini usimnyime chakula mtoto anayekua. Kama ni kupunguza soda, ipungue nyumba nzima. Kama ni kucheza nje, wacheze wote wawili."

Mahad akataka naye apimwe. Kisha akamgeukia Deka na ule uzi. Deka akajifunika shali mpaka kidevuni.

"Mimi niacheni," alisema. "Mimi nilishamaliza kukua."

Leyla akacheka kidogo. Mama yake aliisikia sauti ile, akachukua mkasi haraka. Akafumua suruali ya Idi pale pale. Safari hii alimpima Leyla mwenyewe, nyonga na mapaja. Alipomaliza alimshika mashavu.

"Nilikukosea, mama. Mwili wako hauna kosa."

Harufu ya wali kuanza kushika chini ikawatoa mbio hadi jikoni. Jemima alifungua madirisha. Sinia likawekwa mkekani, wali na nyama ya mbuzi. Mahad hakugusa. Alitazama mlangoni, ambako dada yake alikuwa bado amesimama, mkono kwenye zipu ya koti.

Deka ndiye aliyesogea kwanza. Alikunja goti lake zito, akaacha nafasi kati yake na Mahad.

Khadijo akanawa mikono, akaketi, akapapasa mkeka pale palipoachwa.

"Leyla, vua koti," alisema. "Ingia tule. Hatuanzi bila wewe."