Joto la Darini

Maranda Ustinia aliyaanika mwenyewe mpaka yakakauka, kwa hiyo harufu ya manyoya mabichi iliyoanza kushuka kutoka darini haikuwa na maelezo.

Aliinyamazia. Nyumba ya marehemu mama yao ilikuwa kuukuu, joto lote likitorokea juu, na kila mwaka kuni ziliisha kabla theluji haijayeyuka. Safari hii dada yake, Klavdia, alitoka Vologda mjini na magunia mengine ya maranda makavu, akaja kumsaidia kuyatandaza juu ya dari. Klavdia, ambaye hata kikombe chake haoshi. Akapanda peke yake, akamkataza Ustinia asipande na mtoto mchanga, akamaliza, akanywa supu ya kabichi, akaondoka. Ustinia alimshukuru mpaka akalengwalengwa na machozi.

Nyumba ikapata joto kweli. Lakini Fenya, yule mtoto, akaanza kukataa ziwa. Alilala akikodolea macho mbao za dari, na kila mara kitu fulani kule juu kilipojiburuza, polepole, kutoka upande wa dohani mpaka juu ya kitanda chake, pumzi yake ilikatika, na haikurudi mpaka kitu kile kiondoke, na kila siku kilikawia zaidi kuondoka.

Alasiri moja, giza la Desemba limeshaingia na mumewe yuko msituni anakata magogo, Ustinia alipanda na taa, akafukua maranda yaliyokuwa juu ya kitanda, mkono wake ukagusa buti la sufu lenye kiraka chekundu. Buti la Klavdia. Katika vijiji vya kwao kila nyumba ina jini lake, wanaliita Babu. Anayehama humwalika ndani ya buti la sufu, akamhamishia makao mapya. Klavdia hakuwa amehama.

Alimpigia simu palepale, akinong'ona.

"Dada, umeniletea Babu wako?"

"Ameshanimalizia watoto wawili, Ustinia. Nimebaki na mmoja."

Ustinia alijua. Alilia kwenye mazishi yote mawili.

"Na Fenya wangu je?"

"Wewe bado kijana. Utazaa tena." Akakata simu.

Huyo ndiye aliyemlea. Moyo ulimchanika Ustinia, lakini nafasi ya kulia hakuwa nayo. Aliliweka buti mdomo wazi, akapiga magoti, akaomba kwa adabu zote, kama mama alivyomfundisha.

"Babu, ingia humu. Nikurudishe kwako, kwa Klavdia."

Nyuma yake maranda yakachakarika, yakasogea, yakasogea tena, harufu ikamjaa puani, huku kule chini kilio cha Fenya kikikatika katikati, na sauti ya mzee, ya upole kabisa, ikamjibu sikioni:

"Siendi, mwanangu. Kwake kuna baridi. Dada yako aliniahidi joto, na mtoto."