Sauti ya Dubow Mikokoni

Ng'ombe waliosalia waligoma kuitazama bahari. Kila walipolala waliipa mgongo, hata upepo wa bara ulipowajaza mchanga machoni. Osob aliliona hilo mapema akanyamaza, maana mama mkwe wake, Maka, alikuwa hoi, na hofu za njiani zilikuwa zimemtosha.

Walikuwa wamekimbia kutoka upande wa Ijara. Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, wakati wa vita vya mpakani, askari wanawasukuma wafugaji kambini na mifugo inapotea kila siku. Dubow, mume wa Osob, aliwatanguliza. "Piteni msituni mpaka baharini, kaskazini ya Kiunga, penye kisima cha mawe. Nisubirini pale. Nikifika tutavuka mpaka pamoja." Basi wakasubiri, wanawake wawili kwenye ufuo usio na moshi wa jirani, miamba mikali upande mmoja, mikoko upande wa pili.

Adhuhuri moja, maji yakiwa yamekupwa, Osob alisikia harufu ya ubani. Ubani mzuri, wa harusini, umechanganyika na uvundo wa matope. Kisha mtu akaita kutoka ndani ya mikoko.

"Osob! Njoo, nipo huku."

Sauti ya Dubow, na mkwaruzo wake ule ule. Osob akatupa kibuyu akakimbia. Akaingia matopeni, sauti ikawa mbele yake, halafu mbele zaidi, ikicheka kidogo kama Dubow alivyokuwa akicheka wakiwa peke yao, naye akazidi kuifuata kati ya mizizi bila kuona kwamba bahari imeanza kurudi, kwamba maji yamemfika kiunoni na ubani umekuwa mzito hadi hapumui, mpaka mkono ukamkamata nguo kwa nyuma ukamvuta.

Alikuwa Maka. "Huyo si mwanangu," akanong'ona, akimburuta kuelekea ufuoni. "Dubow hawezi kukuita wewe, mimi nikiwa hapa, asinisalimie."

Kesho yake Maka alijikongoja hadi visima vya wafugaji, mwendo wa saa moja kuelekea bara, akarudi na Sheikh Gelle, mtu mfupi mwenye kikohozi kibaya. Sheikh akasomea maji, akayanyunyiza kuzunguka kibanda, akamwita Osob kando.

"Ni jini wa mikokoni. Atakuita kwa sauti ya umpendaye. Usiitike, mwanangu. Ukiitika tu, amekupata."

Mikoko ikanyamaza. Wanawake wakaanza kulala tena, na Osob akarudi kucheka mara moja moja.

Hadi alasiri ile.

"Osob..." Sauti ilikuwa hafifu, ikitokea vichakani nyuma ya kibanda. "Nimepigwa risasi. Hooyo, mama yangu, assalamu aleikum. Nileteeni maji."

Maka akainuka. "Amenisalimia."

"Amejifunza, Hooyo." Osob alimshika kwa mikono miwili. "Alikusikia siku ile. Kaa chini, wallahi usitoke."

"Na kama ni yeye?"

"Ile ya kwanza pia ilikuwa sauti yake."

Wakakaa wamekumbatiana, Maka akisoma Ayatul Kursi na kuikosea na kuianza upya, huku sauti ikiomba maji, ikimtaja Osob, ikimtaja mama yake, ikinyamaza kisha ikirudi chini zaidi, na Osob akajiziba masikio na kuuma ushungi wake ili neno lisimponyoke, mpaka jua likazama na kule nje hakukusikika kitu ila upepo.

Asubuhi alitoka kwenda kisimani. Dubow alikuwa amelala kifudifudi chini ya kichaka, karibu kabisa na kibanda, paja limefungwa kitambaa kilichoganda damu. Nyuma yake, mchanga ulikuwa na mfereji mrefu pale alipojiburuta. Osob alimgusa shingo. Bado ilikuwa na joto.

Sheikh Gelle alikuja na watu wa visimani, wakamzika kabla ya adhuhuri. Hakuthubutu kumtazama Osob usoni. Osob hakulia. Alisimama mbali kidogo na kaburi, kando ya Maka.

Watu walipokuwa wakimalizia kufukia, harufu ya ubani ikapita juu ya mchanga. Kisha mikokoni mwanamke akaitika kwa furaha.

"Naja, Dubow! Naja! Nakuletea maji!"

Ilikuwa sauti ya Osob. Maka akageuka polepole kumtazama mke wa mwanawe. Midomo ya Osob ilikuwa imefungwa.